Mashini ya Kusaga Ndani ya Masikio

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 3 mwezi wa sita

Maharagi yameungua tena. Sufuria kubwa, ile ya kuuza. Niliwasha moto wa makala, nikaongeza maji, nikafunika, nikajilaza kidogo baada ya saa sita kama kila siku. Mulango niliuacha wazi ili nisikie sufuria.

Na nilisikia. Hiyo ndiyo inaniudhi. Nilisikia maji yanapungua, nikasikia yanakwisha, nikasikia harufu. Kila kitu nilisikia. Mwili ulikataa. Mukono haukuinuka. Muguu haukuinuka. Ulimi ulikuwa umelala mdomoni kama nyama ya buchari. Nilikuwa jiwe lenye masikio.

Faida ndiye aliyeniokoa. Alikuwa anatoka masomo, kifuko bado mugongoni. "Koko! Weye unalala na maharagi inaungua!" Akanitikisa bega, ile kitu ikakatika, nikaruka.

Huyo mutoto. Meno ya mbele yameota makubwa kuliko mdomo. Ni binti wa mwanangu Kasereka, mimi ni Koko wake, lakini analala na mimi tangu aache kunyonya, kwa hiyo ni wangu.

Nimesugua sufuria kwa muchanga wa volkano mpaka vidole vinauma. Wateja wa jioni wamerudi na mabakuli matupu. Aibu. Mutu anakuja kwangu kwa sababu hana makala ya kuchemsha maharagi saa nzima, halafu namwambia nililala.

Siku ya pili, tarehe 4

Leo sikulala. Nilikaa kwenye kiti nikalinda sufuria kama polisi. Yameiva. Yamekwisha yote.

Lakini niandike hii kitu, maana inanichosha. Mwalimu wa parokia aliyetufundisha herufi sisi wamama wazee alisema tuandike kila siku, hata ujinga. Haya, ujinga huu hapa.

Inakuja wakati usingizi unaanza, kabla haujanichukua. Kwanza mulio. Ndani ya masikio kunawaka mashini ya kusaga muhindi, ile ya hapa Majengo nyuma ya soko, na inatetemesha mifupa mpaka kwenye meno. Kisha mukono unakuwa mukubwa kama gunia. Au kitanda kinaanguka, kinaanguka, na hakifiki chini. Siku nyingine mutu ananiita jina langu la utoto kutoka jikoni, na jikoni hakuna mutu. Kisha mwili unafungwa.

Muganga wa sentre ya afya nilimwona mwezi uliopita. Akapima tansyo, ule musukumo wa damu, ikawa nzuri. Akasema mwili unalala mbele na kichwa kinachelewa, watu wengi wanapata hiyo, nipumzike vizuri. Nikamuuliza, mama wa umri wangu mwenye sufuria tatu atapumzika wapi? Akacheka. Mimi sikucheka. Nilitaka dawa.

Siku ya ine, tarehe 6

Niko na hasira na niko na furaha. Hasira ni nyingi zaidi.

Nilitoa sufuria kwenye moto kwanza. Nimejifunza. Nikajilaza. Mashini ikawaka. Kila mara nilikuwa ninapigana nayo, ninavuta mukono, ninataka kulia, ninaamka na jasho. Leo nilichoka kupigana. Nikasema kimoyomoyo, saga basi, unisage tuone. Nikanyamaza.

Ikasaga. Ikatetemesha. Nilikumbuka boti ya Bukavu kabla haijatoka bandarini, injini inatikisa hata sahani za chakula, na mutu mwoga anataka kushuka. Sikushuka. Kitanda kikaanguka, na mara hii kikafika.

Nilikuwa nimesimama kwenye shamba langu la Rutshuru.

Udongo mweusi, ule unaoingia kwenye kucha. Maharagi yamepanda kwenye miti yake. Na ule mukaratusi wa pembeni ulikuwa umesimama. Nikauangalia. Nikasema, weye, tulikukata tukatengeneza mulango. Mulango ule uliungua vita ilipopita. Kama umesimama hapa, basi mimi ninaota.

Na nilijua. Nilijua kabisa kwamba ninaota, kama ninavyojua sasa kwamba ninaandika. Nikaangalia vidole: alama ya kuungua kwenye kidole gumba haipo. Nikacheka peke yangu katikati ya maharagi.

Nikaenda kwenye kaburi la Muzee wangu. Njia ya Rutshuru imefungwa siku nyingi, hakuna aliyepalilia kaburi lile tangu tukimbie. Majani yalikuwa yamefika kiunoni. Nikainama, nikashika majani kwa mikono miwili ili niyang'oe.

Nikaamka.

Nimekamata shuka! Nimeng'oa shuka ya kitanda! Nilitaka kulia. Bwana yangu amelala chini ya majani, nimefika mpaka kwake, na kichwa hiki kijinga kinaniamsha. Nusu dakika tu kingeniachia.

Faida alipotoka masomo nilimweleza. Akafungua macho. "Koko, na mimi utanipeleka?" Nikamwambia mutu hampeleki mwingine ndotoni, kila mutu na yake. Akanuna mpaka usiku.

Siku ya posho, tarehe 8

Mdomo wangu. Mungu alinipa mdomo bila mulango.

Shirika letu, sisi majirani wa parokia tunaosali pamoja, lilikutana kwa Mama Jeanne, ndiye mukubwa wetu wa shirika. Tulisoma Injili, tukaimba, kisha kila mutu aseme Bwana amemtendea nini juma hili. Mmoja akasema mutoto wake amepona malaria. Mwingine akasema bwana yake amepata kazi Himbi, ulinzi. Zamu yangu ikafika.

Nikasema: "Mimi Mungu amenipeleka shambani. Nimetoka ndani ya mwili, nimefika Rutshuru, nimerudi kabla maharagi hayajapoa."

Nilifikiri watacheka. Mimi mwenyewe nilicheka.

Mama Jeanne akaniuliza pole pole, "Mama Kasereka, ulienda na gari gani?"

"Bila gari."

Hakuna aliyecheka. Mama aliyekaa karibu na mimi alivuta kitenge chake, kile kipande kilichogusa goti langu. Nikaendelea kueleza, mashini, kitanda, mukaratusi, na kila neno lilizidi kuniharibu. Mwisho tukasali. Walisali kwa nguvu sana.

Muji huu ninaujua. Ukisema hapa kwamba umeenda mahali bila gari na bila miguu, watu hawasikii ndoto. Wanasikia neno lingine. Ningekuwa mimi ninasikiliza, pengine ningevuta kitenge pia.

Mukwe wangu, Mama Faida, alikuwepo. Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.

Siku ya Mungu, tarehe 9

Misa ya pili. Wakati wa kupeana amani watu walinipa vidole, si mukono.

Siku ya kwanza, tarehe 10

Maharagi yote yamebaki. Sufuria tatu. Yameiva, laini, na kitunguu, na chumvi ya kutosha. Hakuna mutu.

Saa kumi mutoto wa jirani alikuja na bakuli lake. Nikafurahi. Nikachukua upawa. Mama yake akamwita kutoka kwenye barabara: "Rudia hapo hapo! Nani amekutuma huko?" Na ni yeye aliyemtuma. Mutoto akasimama katikati ya uwanja na bakuli, hajui aende wapi. Nikamwambia nenda, mwanangu. Akaenda.

Sikumaliza kuumia, nikaingia ndani, nikakuta godoro dogo la Faida halipo kwenye chumba changu. Ametoka biro mapema, Mama Faida, akalihamisha. Anaandika mafaili kwenye ofisi moja ya Himbi, ni mwanamke wa akili na anafanya kazi sana, hiyo siwezi kukataa. Nilimkuta kwenye mulango wa chumba chao, godoro bado mikononi, kama mutu aliyekamatwa.

"Mama, mimi sisemi weye uko muchawi," akasema. "Lakini banasema. Na mutoto ni mumoja tu Mungu alinipa."

Nikamwambia mutoto huyo nilimbeba mugongoni tulipotoka Rutshuru na risasi nyuma yetu. Nikamwambia mugongo huu anaujua kuliko godoro lake. Akaanza kulia. Akalia na godoro mikononi, lakini hakulirudisha.

Nimekula maharagi mpaka tumbo linauma. Mengine nimewapa mbuzi wa jirani. Mbuzi hawaogopi.

Siku ya pili, tarehe 11

Kitanda ni kikubwa mno. Hakuna mutu anayeacha godoro lake usiku kuja kunipiga teke. Sikulala.

Siku ya ine, tarehe 13

Mama Faida amesema. Mwezi wa saba, masomo yakifunga, Faida atapanda boti aende Bukavu kwa shangazi yake. Si vakansi. Akae huko, asome huko. Amesema ni kwa sababu ya masomo mazuri. Akasema huku anaangalia ukuta.

Nilimpigia Kasereka telefone. Yuko Butembo na biashara yake ya sabuni. Anapita njia ndefu sasa, harudi kabla ya mwezi kuisha. Nikamweleza. Akajibu, "Mama, na weye ungenyamaza tu kwenye shirika." Mwanangu. Nimemzaa siku mbili, miguu mbele. Anasema ningenyamaza tu.

Nikamwambia, ndiyo, ningenyamaza. Sasa nimekwisha kusema. Unafanya nini? Akasema ataongea na Mama Faida, bibi yake. Nikamwambia asiongee kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Akakata. Unite za telefone zilikwisha, au alikata.

Sitaki tena mashini. Nimeiambia leo mchana ilipoanza: toka. Nikapigana mpaka nikaamka. Kama kule shambani ndiko kunakonitoa mutoto mikononi, basi Muzee anisamehe, abaki na majani yake.

Siku ya posho, tarehe 15

Ilikuwa zamu yangu kupokea shirika. Zamu haibadilishwi, hata kama mutu ni muchawi.

Nikafagia uwanja. Mawe ya volkano hayafagiliki vizuri lakini nilifagia. Nikaazima mabenchi. Nikapika sombe, majani ya muhogo, na maharagi, nikatandika kitambaa cheupe juu ya meza, Bikira Maria juu yake na maua. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Mabenchi matupu. Kuku wakapanda juu ya mabenchi.

Mama Faida alikuwa chumbani. Alisema kichwa kinauma.

Nilikuwa nimeanza kukunja kitambaa wakati Papa Muhindo aliingia na fimbo yake. Muzee wa kwetu, mutu wa Butembo, alikuwa shofere wa malori miaka yote mpaka macho yakaharibika. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Mama Kasereka, nimekuja mapema au wengine wamekufa?"

Nikamwambia wanaogopa.

"Sombe iko?"

Iko.

"Basi tuanze na sombe. Injili hata baridi inaliwa."

Akala sahani mbili. Wasingya, akasema, asante ya kwetu, nikasikia moyo unashuka mahali pake. Kisha akaegemea fimbo, na sauti yake ni ile ya kupita injini, nyumba nzima inasikia.

"Ile kitu yako, mie ninaijua. Nilifikiri ni yangu peke yangu. Ninalala kwenye kabini, njia ya Beni, macho yanataka kufunga, zee moja linapanda kifuani. Zito! Ninaliona kabisa, na kofia yake. Nikabadilisha lori. Likapanda kwenye lile lingine. Miaka yote hiyo halijalipa hata nauli."

Nilicheka mpaka nikashika benchi. Sikuwa nimecheka tangu juma lililopita.

Nikamuuliza alifanyaje. Akasema hakupigana na mwili wote. Alitikisa kidole cha muguu tu, kile kidogo. Kikiamka kinaamsha ndugu zake. Nikamuuliza kama aliwahi kujua anaota. Akafikiri. Mara moja, akasema. Alikuwa anaendesha na macho mazima, anasoma hata herufi ndogo kwenye vibao. Akajua ni ndoto. Akaendesha mpaka mafuta yakaisha.

Tulisali sisi wawili. Nyuma ya pazia la chumba niliona miguu ya Mama Faida. Ilikuwa imesimama hapo muda mrefu kwa mutu mwenye kichwa kinachouma.

Siku ya kwanza, tarehe 17

Niandike hii upesi.

Asubuhi, jua limekwisha kutoka, Faida alipiga kelele. Kelele ya kukata. Nilikimbia bila kitenge, nikafika kwenye mulango wao. Mama yake amemkumbatia. Mutoto ana jasho, macho yametoka. Akaniona.

Akajificha shingoni mwa mama yake.

Mimi. Faida kunikimbia mimi.

Alisema baadaye, nikasikia kupitia mbao za ukuta. Alikuwa ameamka lakini mwili umefungwa. Masikio yanalia. Kisha Koko akaingia, na kitenge changu cha njano, nikapanda kifuani mwake nikakaa. Hakuweza kuita. Nilikuwa ninamwangalia tu.

Mama Faida alitoka, akasimama mbele yangu. Hakulia mara hii. "Umesikia mwenyewe," akasema. "Mutoto haongopi. Boti ya juma lijalo, siyo ya mwezi wa saba. Mutihani ataufanyia huko."

Nimekaa siku nzima kwenye kiti. Makala sikuwasha.

Ninajua ni nini. Ni mashini yangu. Imeingia kwake, kama pua yangu ilivyoingia kwake. Alinitaka karibu, wamemweka mbali, kichwa kikaniita, na kikaniita vibaya. Ninaijua hiyo kitu mpaka kwenye mifupa, na nikifungua mdomo nieleze, ni muchawi anayejitetea.

Nimevua kitenge cha njano. Nilitaka kukichoma. Nimekikalia.

Siku ya pili, tarehe 18

Sikukichoma. Nimekivaa.

Asubuhi, mapema lakini jua kali, kila mutu kwenye barabara anaona, nilitoa sinia ya maharagi katikati ya uwanja nikaanza kuchagua mawe. Nikaita, Faida, kuja hapa unisaidie. Kwa sauti. Mama yake alikuwa anatoka kwenda biro, viatu vya kazi, kifuko begani. Nikamwambia, na weye simama hapo usikie, sina siri.

Faida alikuja. Akakaa mbali kidogo, mukono wake ukafika kwenye sinia, mwenyewe bado.

Nikamwambia hivi, ninaandika ili nikumbuke nilivyosema. Nilimwambia mwili wako unalala mbele, kichwa kinachelewa, na katikati hapo ndoto inaingia macho yakiwa wazi. Mulio ule ni mwanzo wake. Haukuli. Ukiusikia, usipigane, tikisa kidole kidogo cha muguu.

Nikamwambia: "Na ukiniona tena nimekukalia, usiogope kitenge. Niombe chakula. Sema, Koko, nina njaa. Uangalie nitafanya nini. Kama ni mimi, nitatoka hapo mbio nikupakulie, unanijua. Kama haifanyi hivyo, siyo mimi, ni ndoto tu. Na ndoto ni yako. Ifanye unavyotaka."

Faida akauliza, "Hata niifukuze?"

"Hata uipande kama punda."

Akacheka kidogo. Meno yote mawili.

Mama Faida alikuwa amechelewa biro, na alikuwa bado amesimama. Mwisho akasema, "Boti ni siku ya kwanza, Mama." Akaenda. Lakini alisema pole pole.

Siku ya ine, tarehe 20

Hakuna kitu. Mutoto amelala vizuri, wanasema. Kwa mara ya kwanza maishani ninaomba mutoto alale vibaya. Mungu anielewe, na asiponielewa basi.

Nimeona kifuko cha nguo kimetolewa chini ya kitanda chao. Gauni la Komunio limepigwa pasi, limekunjwa juu.

Sufuria moja tu leo. Papa Muhindo alinunua. Hana meno ya kula maharagi yale yote. Ninajua anawapa mbuzi.

Siku ya posho, tarehe 22

Nimekaa chini kwanza. Niandike kwa mpango.

Asubuhi nilisikia kicheko. Faida, kwenye chumba chao, anacheka amelala. Kicheko kile cha tumboni, cha mutu anayetekenywa. Nikasimama kwenye uwanja na makala mukononi. Kisha sauti ya mama yake inamwamsha, Faida, Faida, una nini. Kisha miguu, mbio, na mutoto akatoka na nguo ya kulalia, akaja moja kwa moja kwangu. Moja kwa moja. Akanigonga tumboni na kichwa.

"Koko, alikuja! Yule mwenye kitenge chako! Masikio yalilia, nikatulia, akapanda!"

Mama yake alikuwa amesimama kwenye mulango, mukono mdomoni.

"Nikamwambia, Koko, nina njaa. Akanipa maharagi. Koko, mabichi! Magumu! Yalilia kwenye sahani ka-ka-ka, kama mawe. Nikamwambia, hee, weye siyo Koko. Koko hawezi kunipa maharagi mabichi. Nikajua ninaota!"

Na kisha? Kisha akatikisa kidole, hakuamka, ndoto ikabaki na yeye akabaki ndani yake anajua. Akataka tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea viazi. Ikaja. Akaipanda pamoja na yule mama mwenye kitenge, wakashuka mulima mpaka ziwani, na tshukudu ikapita juu ya maji bila kuzama, na yule mama akaogopa sana akapiga kelele. Hapo ndipo alipocheka.

Nilikuwa nimemkamata kichwa kwa mikono miwili yenye makala. Uso wake ukawa mweusi.

Mama Faida aliingia ndani. Nikafikiri, basi, sasa ni mambo mengine. Akatoka na sahani. Sahani yake mwenyewe, ya maua, ya wageni. Akaja mpaka kwenye sufuria, mbele ya barabara, mbele ya mama wa yule mutoto wa bakuli aliyekuwa anapita na bido, dumu lake la maji. Akanyoosha sahani.

"Mama, nipatie maharagi."

Nikampakulia mpaka ukingoni. Akala akiwa amesimama, kwa mukono, moto moto, na alikuwa anapuliza na kutoa machozi pamoja. Mama wa bido akasimama akaangalia. Mukwe wangu akamwambia huku amejaza mdomo, "Yameiva. Unangoja nini? Lete bakuli."

Hakuomba musamaha. Sikumuuliza. Jioni alirudisha godoro dogo, akaliweka mahali pake, akaingiza rozari yake chini ya mto wa mutoto. Nikaiona. Nikaiacha. Ni mama yake, awe na woga wake. Kifuko cha nguo kimerudi chini ya kitanda, na kwenye chakula akasema tu, bila kuangalia mutu, kwamba Bukavu mwaka huu mvua ni nyingi.

Mwezi wa sita hakuna mvua Bukavu. Nikasema ndiyo, ni nyingi sana.

Siku ya Mungu, tarehe 23

Misa. Watu walinipa mikono mizima, siyo wote. Yule aliyevuta kitenge chake bado anakaa mbali. Akae.

Baada ya chakula nikatoa sufuria kwenye moto, nikajilaza. Mulango wazi. Faida akaja akalala pembeni yangu, akatupa muguu wake juu ya tumbo langu kama siku zote, kisigino chini ya mbavu, pale pale panapouma.

Mashini ikawaka. Nikaisikia inakuja, kwanza mbali, kisha kwenye meno. Kitanda kikaanza kushuka. Shamba lilikuwa hapo, niliona hata rangi ya udongo.

Nikatikisa kidole kidogo cha muguu. Ikanyamaza.

Muzee, siku nyingine. Leo nina mutoto hapa, na usingizini anaomba sahani ingine ya maharagi.